Gari la Usiguse

Tulimalize hili mapema ili lisitusumbue: mjinga wa siku ile alikuwa yeye. Si muuza mayai wa baiskeli, si mama mkwe, wala si gari, ambalo masikini lilisimama tu kwenye foleni likingoja taa.

Yeye ni fundi wa mafriji, na mtaa mzima ulimwita Usiguse. Jina alijipa mwenyewe bila kujua, kwa kulitamka kutwa kucha. Gari lake lilikuwa limepita kwenye mikono ya watu wengi kabla ya kumfikia, hata kiti cha dereva kilishika umbo la makalio ya mtu mwingine, lakini lilipoingia uani kwake likageuka mwali. Paka akilala juu ya boneti, Usiguse hapati usingizi. Abiria alipewa kwanza somo la kupanda: ukung'ute viatu, usiegemee kioo, na mlango usiubamize, usukume kwa vidole viwili, kama unamfunika mtoto aliyelala.

Siku moja ya mvua kubwa alimtaka mkewe avue viatu kabla ya kupanda. Mke akavua. Akavitazama, akavivaa tena, akaondoka kwa miguu, wala hakuishia nyumbani. Aliishia kwa mama yake. Tangu hapo Usiguse alikuwa akishindia chai na mkate, akiwaeleza wateja wa mafriji kwamba yeye hakukosea, ila hakueleweka. Simu zake kwa mke zilipokelewa na shemeji, binti mwenye adabu zake, ambaye kila mara alisema dada anaoga. Asubuhi anaoga, jioni anaoga. Usafi wa namna hiyo haujapata kuonekana.

Ndipo mama mkwe alipohitaji kwenda kwa daktari wa macho, akasema mkwe wake ampeleke, na huko njiani atamsikiliza. Hapakuhitajika mkalimani. Mama akirudi ameridhika, binti atafunga mizigo arudi kwa mumewe. Asiporidhika, ataendelea kuoga.

Usiguse aliliosha gari mara mbili, kana kwamba mama mkwe ndiye mwenye kulinunua. Akamkaribisha kiti cha nyuma kwa heshima zote. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri, na mwenye busara angefunga mdomo. Yeye akainama, akasema kwa sauti ya maziwa, "Samahani, mama. Mlango taratibu tu, vidole viwili vinatosha."

Mama mkwe alimtazama kidogo, kisha akatii. Akausukuma mlango kwa vidole viwili, kama alivyoagizwa, na gari likaondoka.

Njiani Usiguse alijieleza vizuri, na tumpe haki yake, maneno anayo. Alisema amejifunza. Alisema upweke umemfungua macho. Walipofika kwenye taa nyekundu alikuwa amefikia mahali patamu, "Mama, siku hizi gari kwangu ni chuma tu," na hapo hapo kiganja cha mtu kikapiga paa, pa, pa.

Chuma tu! Usiguse alikuwa nje kabla mlio haujaisha.

Mwenye kiganja alikuwa muuza mayai, mguu mmoja chini, mmoja kwenye pedali, trei zimepangwa nyuma yake na kufungwa kwa mipira ya tairi. Alifungua mdomo aseme, lakini somo lilikwishaanza. Gari la mtu, Usiguse alimwambia, ni kama mwili wa mtu. Je, yeye angependa apigwe kofi la kisogoni na asiyemjua? Kengele anayo ya nini? Muuza mayai akamjibu kwamba kengele ameipiga tangu kona ya nyuma, na kuita ameita, lakini vioo vyote vilipandishwa. Na kwao wenye baiskeli, ukiona dereva ana hatari asiyoijua unampigia bodi mara mbili, ndiyo salamu yenyewe. Usiguse akasema salamu hiyo hajapata kuisikia. Akachomoa kitambaa mfukoni, akamtaka afute alama za vidole vyake. Na ili somo liingie vizuri, akashika usukani wa baiskeli ya watu, akautikisa.

Yai moja likatoka trei ya juu, likaja kupumzika kwenye kiatu cha Usiguse.

"Na hapo wewe unagusa nini, kaka?" muuza mayai akauliza.

"Nakufundisha."

"Basi na mimi nilikuwa nakufundisha. Tazama mlango wako wa nyuma."

Akatazama. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu, haukufungwa. Katika ule upenyo ulining'inia mtandio wa mama mkwe, ncha yake nyeusi kwa tope, inacheza karibu kabisa na gurudumu. Ncha ya pili ilikuwa imezungushwa shingoni mwa mwenyewe.

Mtu mwingine hapo angeomba radhi, na kisa chetu kingekuwa kifupi. Taa ikawa kijani, honi zikaanza nyuma, lakini Usiguse alikuwa ameshapata neno lake. "Hata hivyo," alisema. Hata hivyo, kugusa ni kugusa. Hata hivyo, mtu angeweza kupita mbele, akapunga mkono, akangoja aonekane. Hatari ni hatari na adabu ni adabu.

Mama mkwe akashuka. Akaubamiza mlango kwa nguvu zake zote, vioo vinne vikalia. Akamshukuru muuza mayai, akasimama pembeni akikamua tope la mtandio wake bila haraka.

Usiguse alimeza ule mlio wa mlango kama mtu anayemeza dawa chungu, akamgeukia amuamulie.

"Mama, wewe ni mtu mzima. Haki ya Mungu, mtu anagusaje cha mwenzake bila ruhusa?"

"Hapo umesema kweli, baba," mama mkwe akamjibu. "Basi na binti yangu usimguse, mpaka akuruhusu mwenyewe."