Kura ya Mfereji

Miaka yote pale Ngonga kura ya mfereji ilikuwa ya kichwa cha nyumba, yaani mwanamume. Damaris alilima, akapandikiza mpunga, akafukuza ndege, lakini siku ya kumchagua mwenyekiti wa maji alibaki jikoni, mumewe Gwamaka akaenda kusema kwa niaba ya wote. Mwaka huu kanuni ilibadilika. Atupele, mjane asiye na wa kumsemea, alikuwa amesumbua kila kikao mpaka wakakubali: anayelima na apige kura.

Basi asubuhi ile wanawake walijaa kwenye uwanja wa ghala la mpunga, wamevaa kama wanaokwenda kanisani.

Mwenyekiti Lazaro, kaka yake Gwamaka, aliwatazama bila kutabasamu. Katika uongozi wake maji yaliishia kwa rafiki zake wenye mashamba ya juu, mashamba ya chini yakapasuka kwa ukavu. Hezroni, aliyeshindana naye, alitoka huko chini.

"Karibuni, mama zetu," alisema Lazaro. "Ila karatasi hatuna. Wanaonitaka mimi wapange mstari nyuma yangu. Wanaomtaka Hezroni, nyuma yake."

Kila mke alielewa: kura amepewa, na mumewe yuko pale pale kuona ataipeleka wapi.

Gwamaka akamsogelea Damaris. "Mama Tumaini, usiniaibishe," alinong'ona. "Nilipolazwa, nani aliwalisha wewe na mtoto?"

Ni Lazaro, kweli. Wema ule Damaris hakuusahau. Lakini alimkumbuka pia Atupele kule mashamba ya chini, aking'oa miche iliyokauka huku analia.

Mistari ikaanza kujipanga. Mwanamke mmoja, Elizabeth, alipiga hatua kuelekea kwa Hezroni. Mumewe akakohoa. Elizabeth akageuka, akarudi kwa Lazaro, macho chini.

Damaris alitembea mpaka katikati ya uwanja, akapiga goti kwa heshima, kisha akasimama. "Mwenyekiti, mimi sisimami nyuma ya mtu. Naomba kura ya siri."

Wanaume wakaangua kicheko. "Siri!" alisema Lazaro. "Mke anamficha mumewe nini?"

"Shemeji, hata kanisani hakuna anayekufumbua ngumi aone umetoa sadaka gani."

Kicheko kikakatika.

"Rudi hapa!" Gwamaka alifoka.

Damaris hakurudi. Kwa muda alikuwa peke yake na macho ya kijiji kizima. Kisha Elizabeth akachomoka mstarini, akaja kusimama ubavuni pake. Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka mistari ikabaki na mapengo.

Bwana shamba aliyekuja kusimamia uchaguzi akainuka. "Hawa wote wasipopiga kura, matokeo siyatii saini."

Lazaro alisonya, lakini akakubali. Kila mtu akapewa punje ya mpunga, ya Lazaro, na punje ya hindi, ya Hezroni. Aingie ghalani peke yake, moja aitie chunguni, nyingine aizamishe kwenye gunia la pumba.

Zamu yake ilipofika, Damaris alisimama mbele ya chungu akasikiliza. Hakuna aliyekohoa. Akatia hindi.

Chungu kilipomwagwa mkekani, mahindi yaliufunika mpunga. Lazaro aliondoka bila kuaga.

Njiani kurudi nyumbani Gwamaka alitangulia. Kwenye daraja la mfereji akasimama. "Uliweka punje ipi?"

"Ni siri yangu, Baba Tumaini."

Gwamaka aliyatazama maji. "Kaka atakuja kuniuliza mimi."

"Utamjibu nini?"

"Hata mimi niliweka hindi," alisema, sauti chini. "Kwenye mstari nisingethubutu."

Jioni Lazaro alifika kweli. Alikataa kiti, akasimama uani, mikono nyuma. Gwamaka alitoka kumkabili, na Damaris akatoka naye. "Kura ni siri, kaka," alisema Gwamaka kabla hajaulizwa.