Jibu la Moja Bila Turufu

Kavata alikuwa ameketi tangu asubuhi, lakini miguu yake ilikataa kutulia. Chini ya meza alivua kiatu, akakivaa, akakivua tena. Ghorofa ya juu ya hoteli ya Zulekha, pale Emali, ilikuwa na meza nne za briji, ule mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili, Jumamosi hiyo. Watu walikuwa wametoka Kitui, Wote na Mbumbuni, na kila lori lililokata kona kutoka barabara ya Mombasa lilitikisa vioo vya madirisha. Wengine hawakujali. Yeye alisikia kila kitu, na macho yake hayakuuacha mkono wa kulia wa mume wake, uliokuwa ukipanga karata polepole, moja moja, kama mtu anayetoa miiba.

Muthama alipata kiharusi mwaka uliopita, baada ya kuvuna ndengu. Alirudi nyumbani Kanyangi akitembea na kula mwenyewe, lakini maneno yalikuwa yamechanganyika. Akitaka chumvi alisema "mvua". Mbuzi alimwita "redio". Akirekebishwa alikasirika, maana kichwani mwake alikuwa amesema sawasawa. Daktari alimshauri Kavata amrudishie mambo aliyoyapenda, na hakuna kitu Muthama alichokipenda kama briji. Alijifunza mchezo huo akiwa mpima ardhi, akamfundisha mkewe mwaka waliooana, wakacheza wakiwa upande mmoja miaka yote hiyo, hata pale wenzao kanisani waliposema karata ni za walevi.

Tena briji ilimfaa. Kwenye mashindano hutamki unachotangaza, yaani mizunguko mnayoahidi kushinda. Unachomoa kikadi kwenye kisanduku na kukiweka mezani. Ndiyo sababu Kavata alithubutu kumleta.

Kwenye meza yao ya mwisho walikutana na Nzuki, mwalimu mstaafu wa Wote, na Khamisa, ambaye familia yake ina duka la vitambaa Kitui mjini. Karata zikagawanywa. Muthama alizitazama zake kwa muda mrefu, kisha akaweka kikadi: moja bila turufu, yaani mizunguko saba bila rangi yoyote kutawala nyingine.

Mchezaji akifungua hivyo, anamwambia mwenzake mambo mawili. Ana karata kubwa za pointi kumi na tano hadi kumi na saba, na karata zake zimegawanyika vizuri bila rangi moja kuzidi mno. Amemaliza kujieleza. Kuanzia hapo mwenzake ndiye mwenye kuamua waende mbali kiasi gani.

Kavata alikuwa na pointi kumi. Jibu lake lilijulikana hata kwa mwanafunzi: tatu bila turufu, yaani ahadi ya kushinda mizunguko tisa na kupata zawadi kubwa ya alama iitwayo gemu. Lakini wiki iliyotangulia, wakifanya mazoezi na majirani sebuleni, Muthama alikuwa amefungua vivyo hivyo akiwa na pointi kumi na moja tu. Walianguka vibaya, wakashindwa kutimiza ahadi. Kavata aliona mumewe alivyotazama zile karata baadaye, akizihesabu kwa kidole, akizihesabu tena.

Akachomoa kikadi cha kijani. Pasi: wabaki pale pale kwenye moja.

Muthama aliinua macho. Alicheza, akashinda mizunguko kumi.

"Mmeacha gemu kubwa hapa mezani," Nzuki alisema, bila ubaya.

Muthama alinyoosha mkono, akazifunua tena karata za mkewe na kuhesabu pointi zake. "Kumi," alisema. Neno hilo lilitoka safi kabisa.

Zulekha alileta chai. Muthama hakuigusa, alitoka barazani. Kavata akamfuata. Chini yao sokoni watu walikuwa wakipakia mifuko ya vitunguu kwenye pikapu.

"Baba Mbithi, kunywa chai kidogo."

"Hukuniamini."

"Niliogopa tuanguke."

"Tuanguke," alisema, akitikisa kichwa. Alitafuta neno lingine, midomo ikijaribu umbo hili na lile. "Mimi si... mimi si kikombe!"

Alijua amekosea. Uso wake ulikunjamana, akapiga ukingo wa baraza kwa kiganja. Kavata alitaka kumsaidia neno, mgonjwa, mtoto, lolote alilokuwa akilitafuta, lakini aliona kwamba kumchagulia neno ni kumfanyia tena lile lile alilomfanyia mezani. Akanyamaza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuongea.

"Nimesikia," alisema mwishowe.

Walirudi. Mgao mmoja tu wa karata ulikuwa umebaki kabla ya kuhesabu matokeo. Muthama akazipanga zake, akahesabu, akaweka tena: moja bila turufu. Khamisa akapasi.

Kavata alitazama karata zake. Alikuwa na pointi kumi tena, na shupaza tano, zile karata nyeusi zenye alama kama jembe. Jibu sahihi hapo ni geni kidogo: ukiwa na shupaza tano unatangaza kopa, zile nyekundu zenye alama ya moyo. Mwenzako, akikumbuka mapatano yenu, anajua hukumaanisha kopa, na ni lazima ajibu shupaza. Akisahau, mnabaki na kopa ambazo hamna, na mnaanguka mbele ya watu.

Tangu ugonjwa uingie nyumbani kwao, Kavata hakuwahi kulitumia jibu hilo. Ungemwambiaje mtu anayeita chumvi mvua kwamba leo kopa ni shupaza? Angeweza kuruka moja kwa moja hadi tatu bila turufu. Angeweza kupasi. Kisigino chake kiligonga sakafu bila yeye kukiamuru. Alishika kikadi kimoja, akakiacha, akashika kingine.

Akaweka mbili za kopa.

Zamu ilikuwa ya Nzuki. Kwa mujibu wa sheria ana haki ya kuuliza maana ya tangazo, na anayemjibu si aliyelitangaza bali mwenzake. Kavata alikuwa amelisahau hilo.

"Samahani, mzee," Nzuki alimuuliza Muthama. "Hizo kopa zina maana gani?"

Muthama alifungua kinywa, akakifunga. Kavata hakuruhusiwa hata kupepesa jicho. Aliuma ulimi na kutazama kitambaa cha meza.

"Ana..." Muthama alisema. "Si kopa. Ana... tano. Ana jembe tano."

Khamisa akatabasamu. "Shupaza. Kwetu hata nyanya yangu alikuwa anaziita hivyo hivyo."

"Shupaza!" Muthama alidaka, kama mtu aliyerushiwa mpira.

Nzuki akapasi. Muthama akaweka mbili za shupaza. Kavata akatangaza tatu bila turufu, kumpa nafasi ya kuchagua, naye akachagua: nne za shupaza. Mizunguko kumi.

Sheria ilimtaka Kavata aziweke karata zake wazi mezani na kukaa tu, mumewe azicheze zote. Hiyo ndiyo sehemu aliyoichukia. Alikunja leso, akaikunjua. Muthama alishinda huku, akapoteza kule, hadi yote yakategemea kwini ya shupaza. Ilikuwa ama kwa Khamisa ama kwa Nzuki. Akikisia sawa, wamepata; akikosea, wamekosa. Hakuna hesabu ambayo ingemwonyesha. Ilikuwa bahati tupu. Muthama alifikiri hadi watu wa meza ya jirani wakageuka. Kisha akacheza akimtegea Khamisa.

Kwini ikatoka kwa Nzuki.

Walipungukiwa na mzunguko mmoja. Kavata alisubiri uso wa mumewe ukunjamane. Badala yake Muthama alicheka, kicheko cha zamani cha kifuani, akawapa mikono Nzuki na Khamisa.

"Aiya! Hiyo ilikuwa sawa kabisa kujaribu," Nzuki alimwambia. "Hata mimi ningeanguka hapo."

Katika matokeo walikuwa wa sita kati ya timu nane za watu wawili. Zulekha aliwapa mandazi ya safari, wakashuka ngazi polepole hadi kwenye gari. Kavata aliketi nyuma ya usukani bila kuwasha injini.

"Mama Mbithi," Muthama alisema. "Ulijua... nitakumbuka?"

"Sikujua."

Alitafakari hilo, akiangalia treni ya mizigo ikipita taratibu nyuma ya maduka.

"Hata mimi," alisema.

Akamshika mkono juu ya gia, kwa ule mkono wake mzito, na hakuuondoa hata Kavata alipowasha gari kuelekea njia ya Wote.