Meno ya Mzee Sadallah

Mwaka ule wa 1968, kila asubuhi Mzee Sadallah alikuja barazani kwetu na rafiki zake kununua vitumbua, na kila asubuhi alimwambia mama neno lilelile.

"Siku hizi tunaambiwa tuitane ndugu. Basi ndugu Sihaba, fungua kinywa tukupime meno. Bibi yako wazee wetu hawakumnunua bila kumkagua."

Rafiki zake walicheka. Akiona mama ameinama, aliongeza, "Ah, utani tu. Wewe si mtani wangu?"

Hakuwa mtani wetu. Bibi yake mama aliletwa Bagamoyo kutoka bara akiwa kwenye mnyororo, na mji mzima ulijua. Mama alimchekea kwa midomo, kisha akaenda uani kunawa uso. Niliporudi likizo kutoka chuo cha ualimu, aliniambia anaacha biashara, anahamia Lugoba kwa kaka yake.

"Kule hawanijui," alisema.

Mimi si msemaji. Hata darasani husema nimegeukia ubao. Lakini neno lile la mama sikuweza kuliacha lipite.

Wiki hiyohiyo akafariki Bimdogo, dada yake Sadallah. Siku ya kuanua matanga ni ya watani: huvaa nguo za wafiwa, huwaiga, huwatania, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Nikaenda. Uani kwao nikaikuta kofia ya Sadallah imeanikwa, nikaivaa juu ya ushungi. Nikachukua na bakora yake, nikaingia walikokaa wanaume.

"Huyu nani tena?" mmoja akauliza.

"Mtani. Mzee Sadallah ametuita watani mbele ya watu mwaka mzima. Nimekuja kutimiza wajibu."

Nikakohoa kama anavyokohoa yeye. "Ndugu Sadallah, fungua kinywa tukupime meno."

Sadallah aliwatazama rafiki zake, nao wakatazama vikombe vyao vya kahawa.

"Binti, tuko msibani."

"Ndiyo maana nimekuja. Utani tu, mzee wangu."

Bi Biubwa, mkubwa wa nyumba ile, akasema kutoka mlangoni, "Mfungulie, Sadallah. Mtani hanuniwi."

Akafungua. Nikamwinua kidevu kwa ncha ya bakora yake mwenyewe, nikayatazama meno bila haraka, kama mtu anayenunua. Machozi yakamlenga. Huruma ilinijia, nikaiona, nikaendelea kutazama.

"Huyu hafai," nikawaambia wanaume.

Hakuna aliyecheka.

Habari ilinitangulia nyumbani. Mama alikuwa akifunga vyombo kwenye kikapu.

"Kweli umempima mzee mzima meno, msibani kwake?"

"Kweli, mama."

"Hukuona haya?"

"Niliona."

Alikitoa chuma cha vitumbua kikapuni, akakipangusa kwa upindo wa kanga.

"Kaloweke mchele," alisema.