Babu Aliyenyang'anywa Chepe

Veikko alivuka bahari na jangwa kuja kujenga vyoo vya shule huko Ukonga, na tangu afike hajagusa hata tofali. Si kwa uvivu. Kwao Ufini alikuwa mwashi maisha yake yote, na viganja vyake vilikuwa vigumu kama gome. Lakini kila alipoinama kushika chepe, mtu alitokea akalichukua. Aliponyanyua ndoo ya mchanga, ndoo ilitoka mkononi mwake kabla hajapiga hatua. Kisha kililetwa kiti cha plastiki, kikawekwa kivulini, na sauti ikasema, "Kaa, Babu. Pumzika."

Apumzike nini, naye hajachoka?

Kosa, kama lilikuwa kosa, lilianzia kwa waliomtuma. Walisema wanaleta mtu wa kujitolea, na watu wa Ukonga wakatarajia kijana. Akashuka mzee mwenye mvi kichwa kizima. Gozbert, kijana wa Kihaya aliyesimamia ujenzi, alimwamkia shikamoo, akambebea begi, na tangu hapo hakumwacha abebe kitu kingine. Siku moja Veikko aling'ang'ania chepe kwa nguvu zote, wakavutana mbele ya mafundi. Mama Sekela, jirani muuza mihogo, akapaza sauti toka ng'ambo ya barabara.

"Wee Gozbert! Huna hata aibu? Mzee wa watu unamshikisha chepe, unataka akufie hapo?"

"Mama, yeye ndiye kaling'ang'ania!"

"Mnyang'anye!"

Gozbert akamnyang'anya, akakimbia nalo. Watu wakapiga makofi. Veikko akabaki amesimama kama mlingoti usio na bendera. Kiswahili alikijua cha kutosha. Maneno yote aliyaelewa. Kilichompita ni jambo lenyewe. Wananidharau, akawaza. Wananiona mfu anayetembea.

Ndiyo maana alifurahi sana Jumamosi ile Gozbert alipomjia mikono nyuma, sauti chini.

"Babu, nina kazi. Wewe tu ndiye unayeiweza."

"Kazi gani?" Veikko alikwisha anza kukunja mikono ya shati.

"Kukaa."

Gozbert akaeleza. Alimpenda Eliaichi, binti wa Kichaga wa Kinyerezi. Alipokwenda kuposa mara ya kwanza, alifuatana na marafiki zake, na Mzee Petro, baba mdogo aliyemlea binti, akawarudishia mlangoni: kijana asiye na mkubwa nyuma yake ni mti usio na mizizi. Baba yake Gozbert alikwisha fariki. Wajomba wako Karagwe, mmoja mgonjwa, mwingine hataki kusikia habari za Mchaga. Petro alikubali kuwasikiliza mara moja tu zaidi, na siku yenyewe ni leo.

"Mshenga ataongea, Babu. Wewe kaa tu. Ukikaa vizuri, napata mke. Ikiharibika, mie basi tena."

Kwa hiyo alasiri ikamkuta Veikko kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, ndani ya koti la kuazima lililombana kwapani, jasho likimtiririka mgongoni. Mbele yake alikaa Mzee Petro, uso umekaza. Pembeni yupo Shangazi Clara, akijipepea.

"Huyu ndiye mzee wenu?" aliuliza Petro.

"Ndiye," akajibu mshenga, mwalimu Isack, mdomo wake kama cherehani.

"Jamani Wahaya kwa maringo!" Clara akadakia. "Wenzao wanaleta mzee kutoka kijijini, wao wameagiza nje!"

Sebule ikacheka. Veikko akatabasamu, kisha akaacha, maana hakujua anachekwa au anakaribishwa.

Isack akaanza kusimulia habari za ndege aliyepotea, ambaye unyoya wake umeonekana nyumba hii. Veikko akachungulia chini ya meza. Hakuona unyoya.

Petro akainua mkono. "Mshenga, pumzisha ulimi. Namtaka mzee mwenzangu. Mzee, kijana huyu unamjua?"

Isack akakohoa. Gozbert akafumba macho.

"Namjua," alisema Veikko, ambaye hakuzoea uongo. "Ana tabia moja mbaya."

Clara akaacha kujipepea.

"Ipi hiyo?"

"Ananinyima kazi. Nikishika chepe, ananyang'anya."

Petro akainama mbele. "Mbele za watu?"

"Mbele za watu wote! Anakimbia nalo. Nikibeba ndoo, anachukua. Kila siku ananiambia, kaa."

"Hukumkaripia?"

"Nilimkaripia. Hasikii."

"Hasikii!" Clara alirudia, akaufunika uso kwa ncha ya kitenge, mabega yakimtikisika. Veikko akadhani analia.

"Mshenga," Petro akageuka, "maneno haya mmemfundisha nyie?"

"Haki ya Mungu, mzee, sie tulimwambia anyamaze!"

"Basi nimeridhika." Petro akanyoosha mkono kuichukua barua ya posa mezani.

Lakini Veikko alikuwa akimtazama Gozbert, akayaona machozi. Nimemwangamiza, akawaza, akasimama wima.

"Ngojeni! Nimesema vibaya. Ni kijana mzuri. Atabadilika. Kuanzia Jumatatu ataniacha nibebe!"

Isack akamvuta koti, amechelewa. Mkono wa Petro ukaganda juu ya barua.

"Gozbert. Ni kweli? Utamwacha abebe?"

Hapo kijana akabanwa. Akikubali, yeye ni mtwisha wazee mizigo. Akikataa, amemfanya mzee wake mwongo mbele ya wakwe. Veikko alimwona akimtazama viganja, kama mtu anayeviona kwa mara ya kwanza.

"Baba, kubeba hapana," alisema Gozbert. "Nisamehe, Babu, hapo sikutii hata ukinilaani. Ila sikujua kama inakuuma hivi. Wewe fundi. Shika mwiko, upange tofali. Mie nitakuwa saidia fundi wako, nitakubebea udongo mpaka ukuta uishe."

Petro akamgeukia Veikko. "Mzee mwenzangu, unakubali?"

Swali alilielewa. Kwa nini linaulizwa hapa, sebuleni kwa watu, mbele ya bahasha na soda, hilo hakulielewa kabisa.

"Nakubali. Lakini udongo wake una maji mengi. Nitamfokea."

"Mfokee!" Petro akajipiga paja. "Hata sie tutamfokea!" Akaichukua barua. Akamwita Eliaichi, akamuuliza kama ipokelewe, na binti, macho chini, akasema ipokelewe.

Vigelegele vikapasuka toka chumba cha nyuma. Watu wakakumbatiana. Gozbert alikuwa akilia waziwazi na kucheka.

"Tumepata?" Veikko alimnong'oneza Isack.

"Tumepata, Babu!"

"Tumepata nini?"

Isack alifungua kinywa, lakini Clara alikwisha mtupia Veikko kitenge shingoni na kumvuta katikati ya sebule, naye akacheza, bado hajui kama anachezea harusi au ukuta.