Mkono wa Kushoto wa Safi

Kisangani, msichana akisema anapigana mieleka, jambo la kwanza atakaloulizwa ni fetishi yake, hirizi ya mchezo, iko wapi. Watu wamezoea ile catch, mieleka ya kiganga ya kujipaka majivu na kutema moto. Kavugho alieleza mpaka akachoka. Aliwaeleza shangazi zake wanaouza maharage sokoni, akamweleza hata padri: hii ni mieleka ya mashindano, ina mwamuzi, ina kupimwa uzito, ukiyabana mabega yote mawili ya mwenzako chini umeshinda, basi, hakuna dawa. Walimtazama tu. Msichana mzima wa Kinande, badala ya kukaa dukani auze, anakwenda kugaragara kwenye pumba!

Na kweli zilikuwa pumba. Papa Alfani, fundi cherehani wa mtaa wa Kabondo, aliyepigana mieleka enzi za ujana wake, alijaza pumba za mpunga kwenye magunia, akayapanga uani kwake na kuyafunika turubai. Hapo aliwafundisha wasichana wawili: Kavugho, na Safi, binti yake wa pekee, aliyebakiwa na baba tu tangu mama yake afariki. Wazee wa msikitini walikuja kusema. Papa Alfani aliwasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akawapa chai, kisha akarudi kwenye mshono wake, na kesho yake wasichana wakaendelea kuangushana.

Uani pale palikuwa na sheria moja. Safi alianguka na baiskeli utotoni, kwenye barabara ya Ubundu, bega la kushoto likateguka, na tangu siku hiyo lilikuwa likichomoka kwa kitu kidogo. Kwa hiyo marufuku kumvuta mkono wa kushoto. Ukiushika kwa bahati mbaya, unauachilia palepale na kuomba radhi: "Pardon."

Sasa sikia ujanja wa Safi. Alipoona mambo yanamwendea vibaya, alikuwa akiuleta mkono huo mwenyewe, kama mtu anayekukaribisha ugali. Kavugho aliudaka, akakumbuka, akauachilia, na kabla "pardon" haijamtoka mdomoni alikuwa chali juu ya pumba, Safi amemkalia kifuani anacheka. "Lala vizuri," Safi alikuwa akimwambia. "Shuka haipo." Kavugho aliapa kila mara kwamba hadanganywi tena, na kila mara alidanganywa. Alimpenda sana mwizi yule.

Wakati ule vita vilikuwa vimeigawa nchi. Ndipo ikaja habari kutoka Kinshasa, upande wa pili wa vita, kwa phonie, redio ya mawasiliano: yatafanyika mashindano ya Afrika huko Duala, wanawake nao watapigana, na msichana yeyote wa upande wetu atakayefika kwa njia zake ataandikishwa. Tonton Paluku, mjomba wa Kavugho, mwenye depo ya chumvi na sabuni, alikuwa akipakia mizigo kwenye ndege za Goma. Alikubali kumsafirisha mmoja. Wawili hapana.

Papa Alfani hakutaka kuchagua. Huyu alimzaa, yule alimlea kwa jasho lake. Akasema watapigana siku ya dimanche, Jumapili, mbele ya watu, na mshindi ndiye atakayekwenda. Kavugho akauliza, je, mkono?

"Dimanche, pardon hakuna," mzee akasema. "Kule Duala nani atasema pardon?"

Safi alicheka, akasema atalifunga bega kitambaa na asionewe huruma. Kavugho hakucheka. Alikuwa anaitamani Duala kuliko kitu chochote, na alijua wazi kwamba akiuvuta mkono ule kwa nguvu zote atashinda, na bega la Safi litaharibika moja kwa moja. Je, atauvuta? Alijiuliza akipima maharage, alijiuliza kanisani, na jibu hakulipata. Aliogopa kwamba jibu ni ndiyo. Papa Alfani naye akashona vazi moja tu la mashindano, la bluu, akaacha kitambaa cha ziada kwenye mshono kwa sababu Safi alikuwa mpana kuliko mwenzake.

Dimanche ile haikufika. Majeshi mawili ya wageni yaliyoushika upande wetu, yaliyokula pamoja mjini petu jana yake, yaligeukiana na kuanza kurushiana makombora juu ya mapaa yetu. Mungu awaulize, maana sisi hatukuwa na la kuuliza. Mji ulilala kifudifudi chini ya vitanda wiki nzima. Kombora moja lilianguka kwenye jiko la Papa Alfani wakati Safi amekwenda kuchukua kaa la moto la chai.

Makaburini hapakupitika. Baba mtu aliyaondoa magunia ya pumba, akachimba palepale uani, na majirani wawili wakamsaidia kumzika. Mizinga ilipotulia Kavugho alikuja mbio, akakuta turubai limekunjwa vizuri kando ya udongo mbichi. Alilia hadi sauti ikakauka. Hakuna aliyemwambia kwamba sasa njia ya Duala ni yake, lakini alilijua hilo, na kulijua kulimchoma.

Kuanzia hapo Papa Alfani hakulitaja jina la mwanawe. Alikikata kile kitambaa cha ziada kwenye vazi la bluu, akamfundisha Kavugho kwenye depo ya Tonton Paluku, akitaja miguu na kiuno na pumzi, basi. Kavugho alijiwekea nia moja: alete medali, ailaze juu ya kaburi, na lile swali lake lizikwe hapohapo.

Duala alipigana vizuri, tusimpunje. Alishindwa pambano moja, akashinda la pili, akafika kwenye pambano la medali ya shaba na msichana mmoja mrefu wa Senegali. Alikuwa anaongoza. Yule mrefu alichoka, mkono wake wa kushoto ukabaki nyuma, na Kavugho akaudaka barabara kama alivyofundishwa. Kilichobaki ni kuvuta na kugeuza.

"Pardon," mdomo wake ukasema, na mikono ikafunguka yenyewe. Msenegali hakuelewa, wala hakusubiri kueleweshwa. Kavugho alijikuta anatazama taa za darini, mabega yote mawili yamelala kwenye mkeka, na mwamuzi anapiga kofi chini.

Alirudi Kisangani juu ya magunia ya chumvi, mikono mitupu. Alikwenda Kabondo moja kwa moja kabla ya kwenda kwao. Papa Alfani alikuwa kwenye cherehani, akamwambia aketi, akamwuliza alianguka namna gani. Kavugho alisimulia yote akiangalia sakafu. Alipofika kwenye lile neno, cherehani ilinyamaza.

"Mukono gani?"

"Wa kushoto, Papa. Nilikuwa nimeushika vizuri. Nikauachilia."

Mzee alijifuta uso kwa kipande cha kitenge kilichokuwa mezani.

"Donc, kumbe ile dimanche," akasema, "ungeuachilia vilevile."

Kavugho aliangua kilio. Miezi yote ile alikuwa amejihesabu mtu mbaya. "Ningeuachilia, Papa," akasema. "Angenibwaga."

"Bon. Donc Safi ndiye alishinda."

Lilikuwa jina lake, kwa mara ya kwanza tangu amzike. Papa Alfani aliinuka, akatoka uani akiburuza ndala zake. Kavugho alimwona kupitia mlango amechuchumaa kando ya udongo, mkono mmoja juu yake, anaongea taratibu kama mtu anayemwamsha mtoto kwa safari ya alfajiri.

"Safi," alikuwa akisema. "Safi, mutoto yangu. Ni wewe unaenda Duala."