Wiki Tatu za Kumwachisha Gati

Gati aliinama katikati ya ua, kichwa chini, makalio juu, akachungulia nyuma kupitia katikati ya miguu yake. Efrazia, jirani wa chumba cha pili, akaacha kufua akapiga makofi yenye povu.

"Haya! Mtoto anamwita mdogo wake huyo. Nyangi, una mimba!"

"Mimba ya wapi? Mtoto anacheza."

"Anacheza nini! Wa kwangu wanne wote waliinama hivyo hivyo. Nenda kapime, mwenzangu, usinizungushe."

Nyangi alicheka sana, na alicheka hivyo kwa sababu ameshtuka. Huu ulikuwa mwezi wa pili hajaziona siku zake.

Alikuwa fundi cherehani pale Nyamisangura, mjini Tarime. Chumba kimoja, baraza moja, cherehani barazani, na Gati chini ya cherehani akiokota vipande vya kitambaa na kuvionja kimoja kimoja. Zablon, mumewe, alikuwa mpishi msaidizi kwenye kambi ya watalii upande wa Robanda, kijiji alikozaliwa, na alikuja Tarime siku nne kila baada ya miezi miwili. "Siku nne tu!" Efrazia akasema majibu ya kipimo yalipotoka. "Huyo mwanaume hapotezi muda." Wakacheka mpaka Gati naye akacheka, hajui hata anachekea nini.

Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, na kazi yake duniani ilikuwa moja tu, kunyonya. Nyangi akikata sketi, anavutwa gauni. Akimpima mteja kiuno, mkono mdogo unapenya kwapani. "Nyonyo," anasema Gati, kama bosi anayeita chai yake. Nyangi alimlalamikia kila mtu kwamba mtoto huyu atammaliza. Uongo mtupu! Aliupenda ule uzito mapajani kuliko kitu chochote alichowahi kupewa.

Wiki iliyofuata Gati akaanza kuhara. Siku mbili tu, mashavu yakaingia ndani. Mama mmoja aliyefuata sare za wanawe akamtazama mtoto, akatazama tumbo la Nyangi ambalo hata halijajitokeza, akaguna. Habari ya mimba ilikuwa imeshazunguka mtaa mzima, maana mdomo wa Efrazia hauna kitasa.

"Umembemenda mtoto," yule mama akasema, akachukua sare zake akaenda.

Kubemenda! Kumnyonyesha mtoto huku umebeba mwingine, maziwa yakamdhuru wa nje, akakonda, miguu ikabaki njiti. Ndivyo watu wanavyosema. Na wakisema hivyo hawamsemi mtoto, wanamsema mama, kwamba hakuweza kusubiri. Nyangi alihisi uso unamuwaka. Siku hiyo alimnyonyesha Gati chumbani, mlango umefungwa, kana kwamba anaiba.

Kesho yake alimpeleka zahanati. Nesi alimpima Gati, akamgeuza, akamtekenya. "Amekunywa maji mabichi huyu. Chemsha maji, mpe hii dawa, na mnyonyeshe kama kawaida. Maziwa ya mjamzito hayana sumu yoyote, mama. Umenielewa?"

Nyangi alielewa. Siku ya tatu kuhara kukakatika, Gati akarudi kuonja vitambaa vyake. Ilitakiwa iishie hapo. Lakini nesi hufunga zahanati akaenda kwake, na majirani wapo asubuhi, mchana na jioni. Watu wakaanza kumtazama Gati miguu kabla ya kumsalimia mama yake. Nyangi akashindwa kuvumilia. Akapaka shubiri kwenye chuchu. Gati akaonja, akakunja uso, akatema, akafuta kwa kiganja, akaendelea. Akapaka pilipili. Wakalia wote wawili, na mtoto akanyonya huku analia.

"Mpeleke kwa mama," Zablon akasema kwenye simu. "Wiki tatu tu, atasahau. Hata mimi niliachishwa kwa bibi, mbona sikufa?"

Mama Zablon alikuja mwenyewe kumchukua mjukuu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mikono migumu ya jembe, na moyo mwema. Hilo lisemwe mapema asije mtu akamtukana bure.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na hali. Sasa nenda kajifiche kwa jirani, asikuone tunapoondoka. Akikuona hatutafika hata stendi."

Nyangi akajificha. Alikaa nyuma ya mlango wa Efrazia, mgongo ukutani, akimsikia mwanawe anazunguka ua mzima. "Mama? Mama, nyonyo." Efrazia alimshika mkono kwa nguvu. Halafu sauti ikaelekea barabarani, ikawa ndogo, ikaisha. Maziwa yalikuwa yamelowesha gauni mpaka tumboni. Alilia mpaka akaona aibu, kisha akalia tena.

Siku za kwanza Mama Zablon alipiga simu kila jioni. Jana amelia. Leo amelia, lakini amekunywa uji. Siku ya tano hakulia ila alikaa mlangoni. Siku ya nane amekula ugali wa mtama na maziwa, akaomba tena. "Umeona?" Mama Zablon alifurahi. "Amesahau kabisa." Nyangi akasema asante mama, akakata simu, akakaa akiitazama sakafu chini ya cherehani.

Wiki tatu zikaisha. "Mwache kwanza anenepe," akaambiwa. Mwezi ukaisha. "Wewe una mimba, pumzika. Ukija sasa atakuona, atakumbuka ziwa, tutaanza upya." Nyangi alitii. Sare za Januari zilikuwa zimejaa mpaka kitandani, miguu ilivimba, na kila mtu, Zablon, Efrazia, hata wateja, alimwambia ana bahati ya kuwa na mama mkwe kama yule. Ilikuwa kweli, ndiyo maana hakuweza kubisha. Alipoomba kuongea na Gati simu iliwekwa sikioni mwa mtoto, na mwanzoni aliitikia "mama?" huku akitafuta nyuma ya simu. Baadaye alisikika tu akipumua. Baadaye zaidi aliikimbia, akacheka kwa mbali.

Mwezi wa nne tangu Gati aondoke, Nyangi akapiga moyo konde. Mimba ilikuwa miezi saba, na kama hakumrudisha Gati sasa, angejifungua, na mtoto wa kwanza angekuta nafasi yake imekaliwa. Alitaka wapate hata wiki sita za wawili peke yao. Alifunga kibegi, akaweka gauni jipya la Gati aliloshona kwa vipimo vya kukisia, akapanda gari la Mugumu kuelekea Robanda bila kuaga mtu.

Alifika Robanda saa sita mchana. Mama Zablon alikuwa akianika mtama. Alipomwona alisimama wima, akatazama nyumba, akamshika mkono akamwingiza jikoni haraka.

"Shikamoo mama. Nimemfuata Gati."

"Marahaba. Mbona hukusema unakuja? Kaa hapa. Amelala, anaamka sasa hivi. Mwangalie kwanza kwa huku, asikuone ghafla."

Ukuta wa jiko ulikuwa wa udongo, na mahali pamoja udongo ulikuwa umedondoka ukaacha ufa wa upana wa kiganja. Nyangi akapiga magoti kwa shida, tumbo likimzuia, akaweka jicho.

Gati akatoka ndani akijikuna. Jamani! Alikuwa amerefuka. Mapaja yamejaa, nywele zimenyolewa, anatembea kwa kishindo kama mwenye nyumba. Akawafukuza kuku kwenye mtama, akiwakemea kwa Kiikoma, lugha ya kwao baba yake, na Nyangi, ambaye ni Mkurya wa Turwa, aliambulia nusu tu ya maneno ya mwanawe mwenyewe. Alijiziba mdomo asicheke kwa sauti. Alitaka kummeza.

Kisha Gati akajikwaa kwenye kinu, akaanguka kifudifudi.

"Mama!" akalia. "Mama!"

Nyangi hakukumbuka ufa wala mkwe. Alitoka mbio, mikono mbele. "Nipo mama, nipo hapa, mama yako nimekuja!"

Gati akainua uso. Akamwona. Kilio kikageuka yowe. Akainuka akakimbilia upande wa pili, akajitupa kwenye sketi ya Mama Zablon, aliyekuwa ameshatoka jikoni, akajifunika uso nayo. "Mama," akasema ndani ya sketi. "Mama."

Mama Zablon akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto.

"Ananiita hivyo," akasema polepole. "Namwambia aniite bibi, hataki. Anawasikia baba zake wadogo wanavyoniita."

"Tangu lini?"

"Muda kidogo."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambiaje jambo kama hilo kwenye simu, Nyangi?"

Hasira ikampanda Nyangi mpaka utosini. Nyangi si mtu wa kufoka, lakini siku hiyo alimvua mtoto kwenye ile sketi kama anavyofumua mshono uliokosewa, akamweka begani, akanyakua kibegi, akashika njia ya barabarani. Hakuaga. Gati alipiga mateke, akamkwaruza shingo, akainama nyuma akinyoosha mikono nyumbani. Mtoto wa tumboni naye alikuwa anapiga mateke. Nyangi aliwabeba wote wawili juani, akisema, "Nyamaza mama, twende nyumbani kwetu, nyamaza," na kila neno alilosema lilizidisha kilio.

Pale magari yanaposimama palikuwa na mwanamke anayechoma mahindi na mwanaume anayeziba pancha. Mwanaume akaacha tairi.

"Samahani mama. Huyo si mtoto wa kwa Mama Zablon?"

"Ni wangu."

"Mbona analia hivyo?"

"Watoto wote wanalia."

"Wewe hatukujui," akasema mwanamke wa mahindi, akiinuka. Alikuwa na haki ya kusema. Tangu aolewe Nyangi alikuwa amefika kijijini hapo mara mbili tu. Watu wengine wawili wakasogea. Nyangi akatoa simu, akawaonyesha picha, Gati wa miezi sita amelala juu ya kitenge. Wakaipokezana. "Watoto wachanga wote wanafanana," mmoja akasema. Nyangi akampigia Zablon. Iliita mpaka ikakatika, maana saa za chakula cha wageni simu za wapishi hufungiwa kabatini.

"Nimemzaa mimi!" akapiga kelele. "Nimemnyonyesha mwaka na miezi minne! Mnataka nini, mnataka niwaonyeshe nini?"

Mwanaume wa pancha hakuwa mtu mbaya. Akachuchumaa, akafuta mikono kwenye suruali, akamsemesha mtoto kwa Kiikoma, kwa upole. Hilo Nyangi alilielewa lote. Alimuuliza, mama yako ni yupi?

Gati akakata kilio. Akanyoosha kidole kwenye njia, ambako Mama Zablon alikuwa anakuja anakimbia, peku, kitambaa cha kichwa mkononi.

"Mwacheni!" bibi akalia kwa mbali. "Mwacheni huyo, ni mama yake! Mimi ni bibi tu! Ni mama yake mzazi!"

Watu wakarudi nyuma. Pole mama, tusamehe mama, siku hizi watoto wanaibwa. Mwanamke wa mahindi akamletea kigoda. Nyangi hakukaa. Gati alikuwa ananing'inia kutoka mikononi mwake, mwili mzima umeelekea kwa bibi.

Mama Zablon alifika akihema, machozi yanamtoka. "Mchukue, mwanangu. Nilidhani nakusaidia. Mchukue tu, atalia siku mbili tatu, ya nane atakula, atazoea."

Nyangi akamtazama. Siku mbili tatu. Ya tano atakaa mlangoni. Ya nane atakula, aombe tena. Alizijua siku hizo zote, alisimuliwa kila jioni kwenye simu. Mtoto huyu alikuwa ameshazipita mara moja, akiwa hana hata mwaka na nusu, akimlilia yeye.

"Hapana," akasema. "Ameshaachishwa mama mara moja. Mimi siwezi kumwachisha tena."

"Usiseme hivyo."

"Mshike, mama. Ananiponyoka."

Bibi akampokea. Gati akamkaba shingo, akashusha pumzi ndefu, akanyamaza pale pale. Nyangi alitoa lile gauni jipya kwenye kibegi, akalipima mgongoni kwa mtoto bila kumgusa. Lilikuwa dogo. Akalikunja akalirudisha.

"Ukijifungua njoo ukae kwangu," Mama Zablon akasema. "Atakuzoea taratibu. Atakujua."

"Nitakuja, mama."

Gari likaja. Nyangi akakaa dirishani, mkono juu ya tumbo, akajilazimisha kutazama nje. Gati alikuwa ameshageuka, mashavu bado yana machozi, analikagua gari. Halafu akainua mkono akapunga, akitabasamu. Watoto wa Robanda hupungia kila gari linalopita, hata kama hawamjui mtu aliyemo.