Nyumba Hii Haiuzwi

"Tunayo heshima kubwa, tena heshima isiyopimika, kuutangazia umma wa mtaa huu kwamba Mwekezaji Mkuu wa Nyumba za Kupangisha, Malkia wa Vyumba na Varanda, amewasili rasmi kukagua mali!"

Umma wenyewe ulikuwa kuku mmoja aliyekuwa akiparua uani, naye hakupiga makofi. Mwekezaji Mkuu hakusikia neno, maana saa hiyo alikuwa amepiga magoti chooni, pua ameiinamisha kwenye tundu la maji machafu, ananusa.

"Spika," sauti ikatoka chooni, "ukimaliza kumhutubia kuku, niletee ndoo ya maji."

Binti akakunjua kadibodi aliyoifanya kipaza sauti, akaenda bombani. Jina la Spika alilipewa bwenini, baada ya kuendesha kikao rasmi cha kumsaka mwizi wa sukari ya matroni. Aliuliza maswali makali, akakemea, akatoa hukumu nzito, na muda wote huo sukari ilikuwa tumboni mwake. Likizo hii baba yake alikuwa amemkabidhi kwa shangazi ili, kwa maneno ya baba, "akanyooshwe kidogo."

Shangazi akamwaga maji kwenye tundu, akatega sikio. Yalishuka bila kugugumia. Akatabasamu.

Mji ule ulikuwa unaumuka kama unga uliotiwa hamira. Hospitali mpya imefunguliwa, chuo kimefuata, lami nayo ikaja nyuma yao, na kila mwenye vijisenti alitaka nyumba ya kupangisha. Wengi walinunua kwa macho. Waliona rangi mpya na vigae vinavyong'aa, wakatoa pesa, kisha wakaja kulia mvua ilipoanza. Shangazi alinunua kwa pua, kwa masikio na kwa mgongo. Alilala chali sakafuni katika kila chumba, mikono ameitandaza, apate kujua kitanda kitakaa wapi na mlango utafunguka vipi. Kisha alikaa kimya kabisa.

"Shangazi, unaomba dua?"

"Nasikiliza jirani. Mpangaji wangu atakuwa muuguzi wa zamu za usiku, analala mchana. Jirani akiwa na mashine ya kusaga, muuguzi atahama, nami nitabaki kuwapangishia buibui."

Alianza na cherehani moja na chumba kimoja. Chumba akakipangisha, mwenyewe akalala chini ya meza ya cherehani, mpaka sare za shule alizoshona zikamjengea cha pili. Sasa alikuwa na nyumba katika mitaa kadhaa, na wapangaji waliomwalika kwenye harusi zao. Spika alimhusudu mno, ingawa angekubali kula chaki kuliko kumwambia hivyo.

Mwenye nyumba hii alikuwa fundi saa mstaafu, mjane, aliyetaka kuhamia kwa binti yake. Bei walikwisha kubaliana. Kilichobaki ni shangazi kutoa fedha zake kwenye kikundi cha kuweka akiba, nacho kilifungua Jumatatu tu.

"Jumatatu haina neno," alisema fundi saa. "Ila sikufichi, mama. Jumamosi kuna bwana anakuja kuiona. Dalali wake kaniganda kama kupe."

"Aje aone, mzee. Nyumba ni yako. Akikupa zaidi, chukua."

Spika nusura ameze ulimi. Njiani akalipuka.

"Shangazi! Si unampa mpinzani nyumba, na kijiko juu?"

"Wenye nyumba wa mji huu hunipigia mimi kabla ya kumpigia dalali. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu unanusa vyoo vyao bure?"

"Kwa sababu neno langu halina mlango wa uani. Siku likipata mlango huo, mwanangu, nitarudi chini ya meza ya cherehani."

Bwana aliyetajwa alijulikana mji mzima kama Viatu Vyeupe. Akinunua nyumba, kila chumba alikigawa kwa ubao mwembamba, kisha kila nusu akaipangisha kwa bei ya chumba kizima. Katika nyumba zake, jirani akipiga chafya ulimwambia "afya" bila kupaza sauti. Spika hakuweza kuvumilia chumba cha muuguzi kikatwe vipande kama sabuni ya mche.

Basi kikao kikaitishwa kitandani. Mwenyekiti alikuwa Spika, wajumbe wote walikuwa Spika, na hoja ikapita kwa kauli moja.

Jumamosi, fundi saa alipokuwa amejinyoosha kwa usingizi wa mchana, binti alifika na kopo la rangi iliyobaki kwenye mageti ya shangazi. Akaandika kwenye ukuta wa mbele, kwa herufi za mtu mwenye uchungu na mali yake: NYUMBA HII HAIUZWI. MATAPELI TUNAWAJUA. Maneno kama hayo mjini humo yalikuwa na maana moja tu, yaani familia inagombana, au kuna mtu anauza kisichokuwa chake. Kisha akajibanza nyuma ya rundo la matofali ng'ambo ya barabara.

Viatu Vyeupe akaja, akashuka garini, akasoma. Dalali naye akasoma, akaanza kutoka jasho.

"Unataka kuniuzia kesi?" Viatu Vyeupe aling'aka. "Mimi nimekuambia nyumba, wewe unaniletea mahakama!"

Gari likaondoka, dalali akilikimbilia na kiatu kimoja kimemvuka. Nyuma ya matofali, Spika alijipongeza kwa hotuba fupi.

Jumatatu shangazi alivaa gauni lake la heshima, akakumbatia mkoba, wakaenda. Walipofika mbele ya ukuta, akasimama. Akasoma. Akasoma tena, midomo ikichezacheza. Spika akaanza kurudi nyuma. Katika kikao chake kile kitukufu, hakuna mjumbe aliyekumbuka kwamba shangazi naye anajua kusoma.

"Nyumba yenye ugomvi," shangazi alisema taratibu, "hata ukipewa bure ni ghali."

Mlango ukafunguliwa, fundi saa akatokeza na funguo mkononi, uso umechangamka. Siku zote yeye alipita geti la nyuma, lililo karibu na soko. Akaona nyuso zao, akageuka kutazama walichokuwa wanatazama.

"Nani kaandika upuuzi huu?" Akasogea. "Ndiyo maana yule bwana hakuingia! Dalali ananipigia simu ananiambia nina kesi, nikadhani amelewa!"

Akakwangua herufi moja kwa kucha, akaiinua kucha hiyo karibu na jicho, kama alivyozoea kutazama vijigurudumu vya saa. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka, na hilo lilitisha kuliko makelele.

"Mama, rangi hii naijua. Zambarau iliyochacha. Ni ya mageti yako."

Ilikuwa kweli. Shangazi alichanganya mwenyewe mabaki ya makopo ili kubana matumizi, na rangi ile haikuwa na ndugu dunia nzima.

"Nilikupa mpaka Jumatatu kwa sababu ya neno lako," fundi saa aliendelea. "Kumbe mwenzangu unafukuza wateja."

Shangazi akamkabili. "Sikuandika mimi, mzee. Lakini rangi ni yangu, basi na aibu ni yangu. Mpigie yule bwana, mwambie nyumba haina kesi. Mimi najitoa."

Akataka kufunga mkoba, zipu ikagoma. Spika akatafuta maneno makubwa ya kikaoni, akakuta yote yamekwenda likizo.

"Ni mimi, babu," alisema. "Shangazi hajui chochote. Yeye alisema umuuzie atakayekupa zaidi. Mimi ndiye sikutaka."

Fundi saa akamtazama, kisha akamtazama shangazi, ambaye alikuwa amefumba macho.

"Asisamehewe kwanza," shangazi alisema. "Ampigie yule bwana. Amwambie kama alivyokwambia wewe."

Simu ya fundi saa ikawekwa sauti ya nje. Spika akaeleza yote, masikio yamewaka moto. Upande wa pili kikasikika kicheko.

"Kwa hiyo haina kesi? Nipe mzee! Mzee, bei yoyote ya huyo mama, mimi naongeza juu yake. Leo hii."

"Na mshona viatu wangu anayepanga chumba cha nyuma?"

"Huyo atoke mwisho wa mwezi, nigawe vyumba."

Fundi saa akamgeukia shangazi. "Na wewe?"

"Atoke aende wapi? Nilipokagua nililikuta bomba lake linavuja. Fundi anakuja kesho, niwe nimenunua au sijanunua. Mtoto wake anateleza pale."

Mzee akaisogeza simu mdomoni.

"Bwana, asante kwa kuongeza. Nyumba nimeshampa mtu." Akakata.

Wakaingia ndani, wakaandikishana, wakapeana mikono. Walipotoka shangazi alikuwa na funguo, na uso wa mtu aliyeshusha mzigo wa kuni. Spika akadhani dhoruba imepita, akaanza hata kukohoakohoa kwa ajili ya hotuba ya ufunguzi.

"Funga domo," shangazi alimwambia. "Utapaka chokaa ukuta huu leo, kabla hujala. Ndoo moja itatosha?"

Spika akautazama ukuta. Akatazama vidole vya miguu yake.

"Haitatosha, shangazi."

"Ukuta mmoja? Kwa nini isitoshe?"

Ng'ambo ya uzio, mwanamke mmoja, aliyekuwa safarini tangu Ijumaa, alikuwa ametoka nje kufagia. Alisimama na ufagio hewani, akiukodolea macho ukuta wake mwenyewe.

"Mkono wangu ulikuwa bado haujazoea," Spika alisema kwa sauti ndogo sana. "Nilianza na wa jirani. Kwa majaribio."